Kitabu kimoja cha picha, hadithi sitini

Waonyeshe watoto wa darasa la pili kitabu cha picha, kisomeni hadi mwisho, kisha waambie "haya, tungeni hadithi." Utakusanya madaftari sitini yenye hadithi ileile ya kitabu, na mengi yatakuwa na sentensi za aina hii: Naona kuku. Naona ndoo. Naona mti. Watoto hawana kosa. Hadithi imekwisha mbele ya macho yao, hakuna walichobakiziwa cha kutunga.

Mtoto hutunga akiachiwa nafasi: maneno ya kitabu yamefunikwa, mwisho haujasomwa, na ndani ya picha kuna jambo ambalo hakuna mtu aliyelieleza. Kazi kubwa ya mwalimu ni kuiandaa nafasi hiyo na kujizuia asiizibe mwenyewe. Hatua zilizo hapa chini ni za vipindi vitano vya dakika 30, kwa darasa la kwanza hadi la tatu, kitabu kikiwa kimoja tu.

Kuchagua kitabu

Tafuta kitabu chenye kurasa 12 hadi 24 na sentensi moja hadi tatu kwa ukurasa. Vingi vinavyochapishwa vina kurasa 32, na hivyo pia vinafaa, ila utaruka baadhi. Kisimamishe juu ya meza, rudi nyuma hatua sita, kisha tazama. Kama huoni uso wa mhusika mkuu umekunjamana au unacheka, mtoto wa dawati la nyuma hataona chochote.

Jambo la pili ndilo linaloamua. Picha iseme kitu ambacho maneno hayasemi. Chukua mfano huu wa kubuni, tutautumia hadi mwisho: mtoto aitwaye Tatu ametumwa mashineni kusaga mahindi, amejitwika ndoo. Maneno yanasema, "Tatu alitembea huku akiimba." Picha inaonyesha ndoo ina tundu, punje zinadondoka nyuma yake, na kuku mwekundu anazifuata moja moja. Kuku huyo hatajwi na maneno popote kitabuni. Hapo ndipo watoto wataingilia.

Kiache kitabu cha alfabeti chenye picha, hakina tukio. Kiache pia kile ambacho kila ukurasa unahubiri, kwa sababu watoto watakuandikia mahubiri: "Tuwaheshimu wazazi wetu" mara sitini. Kitabu chenye theluji au treni za chini ya ardhi si haramu, lakini kitakula dakika kumi za kueleza theluji ni nini, na dakika hizo huna.

Pasipo na kitabu, tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi fupi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. StoryWeaver ya Pratham Books, India, nayo inazo. Zote ni bure na zina leseni huria. Soma leseni ya kitabu chenyewe kabla ya kuchapa, maana nyingine zinaruhusu hata kuuza nakala na nyingine zinakataza biashara. Ukichapa, ukurasa mmoja wa kitabu ujaze karatasi nzima ya A4. Usibane picha nne kwenye karatasi moja ili kuokoa wino, zitakuwa hazionekani.

Kukiandaa kabla ya kipindi

Kata vipande vya karatasi vinavyotosha kufunika maneno, uvibandike kwa solotepu upande wa juu tu ili viweze kunyanyuliwa kama kifuniko. Kitabu kikiwa cha kuazima, tumia karatasi za kunata au bana kwa klipu, kwani solotepu huondoka na rangi ya picha. Andika namba za kurasa kwa penseli kama hazipo. Kisha amua utasimama wapi. Mahali pazuri ni pale ambapo shida imeshatokea na bado haijatatuliwa, kwa kawaida kurasa mbili au tatu kabla ya mwisho. Katika mfano wetu ni pale Tatu anapofika mashineni, anaishusha ndoo, na imebaki nusu. Kurasa zinazofuata zibane kwa kibanio cha nguo. Mtoto mmoja akichungulia mwisho, darasa zima litaujua kabla ya mapumziko.

Kipindi cha kwanza: kusoma picha

Anza kama hadithi zinavyoanza. "Paukwa!" "Pakawa!" Au "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" kama ndivyo watoto wako walivyozoea. Halafu nyamaza. Onyesha jalada, hesabu moyoni hadi ishirini bila kusema neno. Ukimya huu ni mgumu kwa mwalimu kuliko kwa watoto.

Maswali ni mawili. La kwanza, "Kuna nini hapa?" La pili, ambalo lina kazi zaidi, "Umejuaje?" Mtoto akisema Tatu ana haraka, muulize amejuaje. Atakuonyesha mguu ulionyanyuka, khanga inayopepea, jasho. Tayari ameshapata sentensi: "Tatu alikuwa anakimbia, jasho linamtoka." Ukiridhika na swali la kwanza peke yake utavuna orodha za "Naona".

Usisahihishe jibu. Mmoja akisema kuku ni wa jirani na mwingine akasema ni mchawi amejigeuza, yaache yote mawili yakae. Picha haijasema ni lipi. Mwalimu akishasema "hapana, ni kuku tu wa kawaida," wachawi wote watakaokuja baadaye wamekufa.

Darasa likiwa na watoto zaidi ya arobaini, mbele hapatoshi. Gawa mara mbili: nusu wakae kwenye mkeka mbele, nusu wabaki kwenye madawati wakichora mtu wanayemjua akiwa amebeba kitu. Baada ya dakika 12 wabadilishane. Kupita katikati ya mistari ukiwa umeinua kitabu kunawezekana, ila kishike kifuani, simama sekunde kumi kwa kila madawati mawili, na usikizungushe hewani kama bendera.

Fika hadi ukurasa uliopanga, funga kitabu, kiweke kabatini. Watalalamika. Ndivyo inavyotakiwa.

Kipindi cha pili: kusimulia na kapu la maneno

Hakuna kuandika leo. Mtoto wa miaka saba asiyeweza kuisema hadithi kwa mdomo hataiandika, kwa kuwa mkono wake bado unahangaika na herufi na hauwezi pia kutafuta la kusema. Waweke wawiliwawili. Mmoja asimulie kwa dakika tatu kinachofuata baada ya ndoo kubaki nusu, mwenzake aulize "Ikawaje?" kila anaponyamaza. Kisha wabadilishane. Darasa litapiga kelele. Kelele za namna hii ziache, funga tu mlango.

Baadaye kusanya maneno kwenye karatasi ya manila, kwa kalamu ya wino mzito, herufi zenye urefu wa sentimita nne hivi. Yawe kumi na mbili hadi kumi na tano. Ukiandika arobaini hakuna atakayeyatafuta. Yagawe: majina matano (ndoo, punje, tundu, mashine, kuku), vitendo vitano (kudondoka, kudonoa, kujitwika, kunyemelea, kuduwaa), na yanayobaki yawe tanakali za sauti. Hazina hii watoto wanayo nyumbani lakini shuleni hawaitumii, kwa sababu hakuna aliyewaambia inaruhusiwa kuandikwa. Alianguka pu. Alitumbukia chubwi. Giza totoro. Analala fofofo. Nyeupe pe pe pe. Ndoo imejaa pomoni. Mpe mtoto "chubwi" na atamtafutia mtu mto wa kutumbukia.

Mtoto akikosa neno la Kiswahili akasema la Kisukuma, la Kidigo au la Sheng', liandike vilevile, na pembeni yake la Kiswahili. Ukimkatisha ili atafute neno sanifu, utapata neno na utapoteza hadithi.

Kipindi cha tatu: visanduku vinne

Kila mtoto akunje ukurasa wa daftari mara mbili, apate visanduku vinne. Cha kwanza: Tatu anaona ndoo imebaki nusu. Hiki ni cha wote. Vitatu vinavyofuata ni vyake. Achore kwa penseli tu, dakika kumi na tano, na chini ya kila kisanduku aandike neno moja.

Rangi zizuie. Zikitoka, kipindi kizima kitakwenda kupaka anga la buluu. Zitakuwa na siku yake. Michoro ya vijiti inatosha, nawe chora ya vijiti ubaoni ili wasione haya. Anayemaliza katika dakika mbili kwa kawaida amerudia picha moja mara tatu: Tatu amesimama, Tatu amesimama, Tatu amesimama. Muulize, "Kati ya hapa na hapa, nani amekuja?" Swali hilo likishindwa, jaribu "Nini kimeharibika?"

Kipindi cha nne: kuandika

Anza kwa kutunga aya moja pamoja ubaoni, dakika saba, wao wakisema na wewe ukiandika. Fanya makosa kwa makusudi, futa neno, badilisha, ili waone maandishi hurekebishwa. Ikishamalizika, someni kwa sauti, kisha ifute yote. Usipofuta, thuluthi ya darasa itainakili hadi nukta ya mwisho. Kapu la maneno libaki ukutani.

Sasa wape milango miwili ya kuingilia, usiwape mitano. Kwa mfano: malizia hadithi ya Tatu, au kuku asimulie yeye alichokiona. Siku nyingine unaweza kutoa mingine, kama barua ya Tatu kwa mama yake akieleza mahindi yalipokwenda, au mzozo wa Tatu na mwenye mashine. Mlango wa kuku huwapata hasa watoto ambao kwa kawaida hawaandiki. Kuku ana haki ya kusema uongo.

Kiasi cha kutarajia: darasa la kwanza, sentensi moja chini ya picha, la pili, sentensi tatu hadi tano, la tatu, nane hadi kumi. Asiyeweza bado kuunganisha silabi akuambie kwa mdomo na wewe umwandikie neno kwa neno, kisha anakili sentensi moja anayoipenda. Mwandikie alivyosema. Ukiipamba, si yake tena, na hataweza kuisoma.

"Hapo zamani za kale" ni mwanzo mzuri ambao umechakaa kwa kutumiwa na kila mtu. Andika mianzo mitatu ubaoni wachague: kwa sauti ("Kwaa! Kwaa!"), kwa maneno ya mtu ("Mahindi yako wapi?" mama aliuliza), au kwa wakati ("Jua lilikuwa utosini Tatu alipofika mashineni").

Mnyororo wa "halafu" utauona kwenye kila daftari. Tatu alienda halafu aliona kuku halafu alikimbia halafu alianguka. Dawa iko ndani ya Kiswahili chenyewe: kitendo cha kwanza kichukue -li-, vinavyofuata vichukue -ka-. Tatu alikwenda, akaona kuku, akakimbia, akaanguka pu! Wafundishe kwa mchezo wa mdomo. Mwalimu aanze "Tatu alitoka nyumbani," kila mtoto kwa zamu aongeze tendo moja lenye -ka-, anayerudia -li- akae chini. Dakika tano zinatosha. Madhara yake ni kwamba juma linalofuata wengine wataanza hadithi kwa "Tatu akaenda," bila kitu kilichotangulia. Waulize, "Baada ya nini?" nao watarudi wenyewe kuweka -li-.

Kuna swali ambalo watoto huuliza na walimu hubishana: ndoo ikisema, tuandike "ndoo ilisema" au "ndoo alisema"? Katika ngano, kitu kinachopewa tabia ya mtu huweza kuchukua upatanisho wa mtu, hivyo "Ndoo akasema, nimechoka kubebwa" hakuna ubaya. Mruhusu mtoto achague, ila akishachagua asiyumbe katikati. Ukimkata kalamu nyekundu hapo, utakuwa umemfundisha kwamba vitu havisemi.

Zaidi ya hayo, matatizo hujirudia kila mwaka. Mtoto anayewaua wahusika wote kufikia sentensi ya tatu ameishiwa, si katili. Mwambie mmoja amenusurika, nani? Anayemaliza kwa "akaamka, kumbe ilikuwa ndoto" amepata njia ya mkato. Mkubalie mara moja kwa muhula. Anayeandika funzo mwishoni amelizoea kutoka vitabu vya darasani. Mwombe afiche sentensi hiyo kwa kidole na amsomee jirani, kisha jirani aseme kama kuna kilichopungua. Na aliyekaa dakika kumi na ukurasa mweupe mara nyingi anaogopa tahajia, kwa hiyo mwambie akikwama kwenye neno gumu aandike herufi ya kwanza na kupiga mstari, aendelee.

Kipindi cha tano: kurekebisha na kutengeneza kitabu

Rasimu ya kwanza isomwe kwa sauti na mtoto mwenyewe, kwa mwenzake. Wengi wataona sentensi isiyo na kitendo pale ulimi unapokwama. Mwalimu aseme jambo moja kuhusu hadithi ("Sijajua kuku alikuwa anafikiri nini") na azungushie makosa mawili tu ya tahajia, hata yakiwepo ishirini. Chagua yale yanayobadilisha maana au yanayojirudia. Kwa kawaida ni haya: l na r kugeuzana (karamu na kalamu), h kuanguka mwanzoni (abari), ng na ng' kuchanganywa (ngombe), na kitenzi kukatwa vipande: "ana ni fuata." Hili la mwisho hutokana na kufundishwa silabi mojamoja. Mwache aseme neno kwa pumzi moja. Pumzi ikiwa moja, neno ni moja.

Kitabu chenyewe kinatengenezwa hivi. Kwa darasa la tatu, A4 moja inatoa kitabu cha kurasa nane, jalada mbele na nyuma zikiwa ndani ya hesabu. Kunja karatasi kwa urefu, kingo ndefu zikutane, kunjua. Ikunje upande wa pili, kingo fupi zikutane, kunjua. Sasa lete kila ukingo mfupi hadi kwenye mkunjo wa katikati, kunjua. Una visanduku vinane. Ikunje tena nusu, kingo fupi zikutane. Kata kwa mkasi kuanzia upande uliokunjwa, ukifuata mkunjo wa katikati, hadi mkunjo unaofuata, basi. Kunjua, ikunje kwa urefu, shika ncha mbili, zisukume kuja katikati: mpasuko utafunguka, kurasa zitajipanga. Kosa la kila siku ni kukata kuanzia upande ulio wazi. Ukiona masikio mawili yananing'inia na katikati hapajapasuka, ndilo hilo, chukua karatasi nyingine.

Kila ukurasa wa kitabu hicho una milimita 74 kwa 105, na mtoto wa darasa la kwanza, ambaye herufi yake moja ni kubwa kama maharage, hawezi kukitumia. Wao wapewe karatasi mbili za A4 zilizokunjwa nusu na kuingizwa moja ndani ya nyingine: kurasa nane kubwa. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mengine sentimita nne kutoka kila ncha. Sindano itoke ndani kupitia tundu la katikati, irudi ndani kwa tundu la juu, iruke hadi la chini na kutoka nje, kisha irudi ndani kwa lile la katikati. Funga fundo na mkia wa uzi ulioachwa mwanzoni, uzi mrefu ukiwa katikati ya ncha hizo mbili. Matundu na sindano ni kazi ya mwalimu.

Jaladani pakae jina la hadithi na "Mtunzi:" likifuatiwa na jina la mtoto. Leo rangi zitoke.

Vitabu vikikamilika, toa kibanio kwenye kile cha kwanza, nyanyua vifuniko, wasomee hadithi nzima pamoja na mwisho wake. Wapo watakaosema mwisho wao unazidi ule wa kitabu. Waulize umezidi wapi.

Mzazi mwenye mtoto mmoja nyumbani hahitaji vipindi vitano. Jioni ya kwanza someni picha na kusimama, ya pili asimulie nawe uandike, ya tatu achore na kushona. Kwa watoto wanaokulia Uingereza au Marekani, wanaosema Kiswahili na wazazi wao lakini hawajawahi kukiandika, kuandikiwa ndiyo njia ya kuanzia, kwa sababu wanaiona lugha ya jikoni ikiwa kwenye karatasi.

Jalada la boksi likibandikwa kwa gundi ya kupika (kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vinne vya maji, unga ukorogwe kwanza na maji baridi kidogo usifanye madonge), lianikwe hadi likauke kabisa kabla ya kufungiwa, la sivyo litaota ukungu. Gundi hiyo huvuta mende na panya. Usivihifadhi vitabu kabatini wala kwenye boksi sakafuni. Funga kamba ukutani kwa kimo cha watoto, vining'inize kwa vibanio vya nguo, wazi katikati, jalada likitazama darasa.